Maji ya mfereji wako huanza kuchafuliwa shambani

Mvua kubwa inaponyesha na maji ya mfereji yakaanza kutoka yakiwa na rangi ya chai, bila shaka jambo la kwanza unalofanya ni kulaumu kampuni ya maji. Pengine unaona bomba limepasuka au wafanyakazi wa mtambo wamezembea. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi uchafu huo ulianza safari yake mbali sana na jikoni mwako, kwenye shamba la viazi lililo mteremkoni, kwenye barabara ya udongo isiyo na mtaro, au kwenye choo cha shimo kilichochimbwa hatua chache kutoka kisimani.

Kwa miaka mingi tumefundishwa kuchemsha maji, kunawa mikono na kufunika mitungi. Mafunzo hayo ni mema na yameokoa maisha ya watu wengi. Hata hivyo, yanatufikisha kwenye mlango wa jikoni tu. Ni wachache miongoni mwetu waliofundishwa kwamba jinsi ardhi inavyotumiwa ndiyo huamua maji yatakuwa masafi au machafu kabla hayajafika nyumbani. Ndiyo maana katika nchi kadhaa waelimishaji wa kilimo, afya, mipango ya miji na mazingira wameanza kukutana katika mikutano ya pamoja ili wapate kufundisha somo moja badala ya kila mmoja kuvutia upande wake.

Makala haya yanakueleza uhusiano huo, hatari zake kwa afya ya jamii yako, na jambo unaloweza kufanya wewe mwenyewe.

MAJI YA NAIROBI HUTOKA WAPI?

Mkazi wa Nairobi akiulizwa maji yake hutoka wapi, wengi hujibu, "Ndakaini." Jibu hilo si baya. Bwawa la Ndakaini, lililo katika Kaunti ya Murang'a, lilikamilika mwaka wa 1994 na lina uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo. Maji yake hupelekwa katika mtambo wa kusafishia maji wa Ng'ethu ulioko Gatundu kabla ya kuteremshwa hadi jijini. Maji mengine hutoka bwawa la Sasumua huko Kinangop, bwawa la Ruiru na chemchemi za Kikuyu.

Lakini bwawa halizai maji. Bwawa hupokea tu kile ambacho mito inaleta, na mito hupokea kile ambacho ardhi inaachilia. Milima ya Aberdare ndiyo tangi halisi la jiji. Juu kabisa kuna msitu. Chini ya msitu kuna majani chai, kahawa, mahindi, viazi na kabichi, na mashamba mengi ni madogo na yako kwenye miteremko mikali. Hapo ndipo ubora wa maji ya Nairobi huamuliwa, na wanaouamua ni wakulima ambao huenda hawajawahi kufika jijini.

Mvua ikinyesha msituni, matone hupigwa kwanza na majani ya miti, kisha huangukia takataka za majani makavu. Maji hunywewa polepole na udongo, yakachujwa na kutokea tena baadaye kwenye chemchemi. Mvua iyo hiyo ikinyesha kwenye shamba lililolimwa kuelekea bondeni na kuachwa wazi, matone huupiga udongo kama nyundo, chembe zake zikaachana, na maji yakateremka kwa kasi yakiubeba. Maji hayo hayabebi udongo pekee. Hubeba pia mbolea, dawa za kuua wadudu, samadi ya ng'ombe na viini vya maradhi kutoka kwenye vyoo na kando ya njia.

UDONGO UNAVYOLETA MARADHI

Huenda ukajiuliza, je, udongo kidogo katika maji una madhara gani ilhali tumekulia mashambani tukinywa maji ya mtoni?

Madhara ya kwanza ni kwamba udongo huvificha viini vya maradhi. Mtambo wa kusafishia maji hutumia shabu ili kuzifanya chembe za udongo zishikane na kuzama, kisha klorini hutiwa ili kuua viini vilivyobaki. Maji yakiwa na tope jingi, shabu nyingi zaidi huhitajika, vichujio huziba haraka na gharama hupanda. Klorini nayo hutumika ovyo kwa kupambana na uchafu, na viini vilivyojificha ndani ya chembe za udongo huweza kunusurika. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza kuwa maji yaondolewe utusitusi kwanza ndipo yatiwe dawa.

Kanuni hiyo inafaa pia nyumbani. Ukitia dawa ya klorini katika mtungi wa maji yenye tope, unaweza kudhani umejikinga kumbe hujajikinga vya kutosha. Yaache maji yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa kulingana na maagizo yaliyo kwenye chupa.

Madhara ya pili hutokana na mbolea. Mbolea ikizidi kiwango kinachohitajiwa na mimea, sehemu yake iitwayo naitreti huyeyuka na kuzama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Kinyesi cha binadamu kutoka vyoo vya shimo huleta naitreti hiyo hiyo. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani huruhusu ni miligramu 50 katika lita moja. Kikizidi, mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo huweza kudhurika, kwa kuwa damu yake hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo na midomo na ngozi yake hubadilika rangi na kuwa ya kibuluu.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba kuchemsha hakuondoi naitreti. Kuchemsha huua viini, lakini kemikali hubaki ndani ya maji. Kwa hakika, maji yakichemka kwa muda mrefu na kupungua, kemikali iliyobaki huwa kali zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwa madini ya risasi na kwa floridi. Hii floridi, kwa kawaida, haitokani na makosa ya mtu yeyote. Hutoka kwenye miamba ya volkano, na ndiyo husababisha meno ya rangi ya kahawia kwa watu waliokulia sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Kisima cha kuchimbwa kwa mashine kinaweza kuwa na maji maangavu ajabu, lakini yawe na floridi nyingi. Macho pekee hayawezi kupima maji.

Madhara ya tatu huonekana ziwani. Mbolea na maji taka yakifika ziwani, hulisha magugumaji na mwani. Wakazi wa Kisumu na sehemu nyingine za Ziwa Victoria wameishi na magugumaji tangu miaka ya tisini. Aina fulani za mwani hutoa sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo pia haiondolewi kwa kuchemsha.

MJINI NAKO MAMBO SI SHWARI

Itakuwa makosa kumtupia mkulima lawama zote. Sisi wakazi wa mijini pia tuna njia yetu ya kuitumia ardhi, nayo ina hatari zake.

Kila tunapojenga nyumba, kutandaza saruji uani au kutia lami mahali pa kuegesha magari, tunaifunika ardhi ili isinywe maji. Maji ya mvua yakikosa pa kuzama hukimbilia mitaroni, yakisomba mafuta ya magari, mifuko ya takataka na kinyesi. Utafiti mwingi uliofanywa Marekani katika miaka ya tisini ulionyesha kwamba hali ya kijito huanza kuzorota wakati takribani asilimia 10 ya ardhi inayokizunguka imefunikwa kwa namna hiyo. Ikipita asilimia 25 au 30, kijito huwa kimeharibika vibaya. Hebu simama kwenye ghorofa ya juu ya jengo lolote jijini utazame chini, kisha ujikadirie mwenyewe.

Mto Nairobi ni mfano ulio wazi. Huanzia katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita katikati ya jiji na mitaa ya mabanda, hupita kando ya jaa la Dandora na kuungana na mito mingine kuingia mto Athi, ambao huitwa Galana na kisha Sabaki kabla ya kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kwa hivyo, uchafu unaotupwa mtaroni Nairobi una njia ya moja kwa moja hadi pwani, na njiani kuna watu na mifugo wanaoyatumia maji hayo.

Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, lakini takataka ziliendelea kumwagwa huko kwa miaka mingi baadaye. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa wakiishi karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Isitoshe, kuna suala la mabomba. Mahali ambapo maji hutolewa kwa zamu, bomba hubaki tupu kwa siku kadhaa. Bomba hilo likiwa limepitishwa ndani ya mtaro wa maji taka, na likiwa na tundu hata dogo, maji machafu huvutwa ndani wakati shinikizo limepungua. Mfereji ukifunguliwa tena, maji ya kwanza kutoka huwa ndiyo ya hatari zaidi. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu huenea kwa njia kama hizi.

Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yalitukumbusha haya kwa uchungu. Zaidi ya watu 200 walifariki nchini, na wengi waliopoteza makao walikuwa wakiishi ukingoni mwa mito. Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zilisema wazi kwamba hakuna ruhusa ya kulima au kujenga ndani ya ukanda wa ukingo wa mto, ambao ni kati ya mita 6 na mita 30 kutoka pale maji ya mafuriko yalipowahi kufika. Sheria ipo. Kilichokosekana ni watu kuielewa mapema, kabla ya nyumba kujengwa na kabla ya matingatinga kuja kuzibomoa.

KWA NINI WAELIMISHAJI WAKUTANE

Afisa wa kilimo humfundisha mkulima jinsi ya kupata magunia mengi zaidi. Afisa wa afya ya umma humfundisha mama kuchemsha maji. Mwalimu humfundisha mtoto mzunguko wa maji kwa mchoro wa wingu na mlima. Mpangaji wa mji huchora ramani ofisini. Wote hawa wanazungumzia tone moja la maji, lakini ni nadra kuwakuta katika chumba kimoja.

Mwaka wa 1991, Chuo Kikuu cha Connecticut nchini Marekani kilianzisha mpango wa kuwaelimisha maafisa wa serikali za mitaa, yaani wale hasa wanaoidhinisha ujenzi na kugawa ardhi, kuhusu jinsi maamuzi yao yanavyoathiri maji. Waanzilishi waligundua kuwa maafisa hao wengi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa ni watu wenye kazi nyingi ambao hawakuwahi kuonyeshwa ramani ya eneo lao ikiwa na mito na lami pamoja. Mpango huo ulienea katika majimbo mengine, na waelimishaji wake wakaunda mtandao wa kukutana, kubadilishana ramani na masomo, na kuelezana ni njia zipi za kufundisha zilizofaulu na zipi zilizoshindwa.

Hapa kwetu jambo kama hilo lina umuhimu mkubwa zaidi, kwa kuwa tangu mwaka wa 2013 huduma za maji, mipango ya ardhi na afya ya mashinani ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Diwani wa wadi, ambaye leo huitwa mwakilishi wa wadi, anaweza kupiga kura asubuhi kuhusu mtaa mpya wa nyumba na alasiri kuhusu bajeti ya zahanati, bila kufahamu kwamba kura ya asubuhi ndiyo itakayoijaza zahanati hiyo wagonjwa.

MFANO WA TANA YA JUU

Haimaanishi kwamba Kenya haijafanya lolote. Mwaka wa 2015 ilizinduliwa Hazina ya Maji ya Upper Tana-Nairobi. Wazo lake ni rahisi: watumiaji wakubwa wa maji walio chini, kama vile kampuni ya maji ya Nairobi, kampuni ya umeme ya KenGen na viwanda vya vinywaji, wachangie kumsaidia mkulima aliye juu kuitunza ardhi. Bonde hilo ndilo hutoa takribani asilimia 95 ya maji ya Nairobi.

Hesabu iliyofanywa kabla ya uzinduzi ilionyesha kwamba kuwekeza dola milioni 10 za Marekani katika kuhifadhi udongo kungeleta faida ya dola milioni 21.5 kwa muda wa miaka 30, kupitia mavuno bora, umeme zaidi na gharama ndogo ya kusafisha maji.

Mbinu zinazotumiwa si ngeni. Kuna matuta ya "fanya juu", ambapo mtaro huchimbwa kukata mteremko na udongo wake kurushwa upande wa juu. Kuna mistari ya nyasi za nepia, ambazo huzuia udongo na wakati huo huo hulisha ng'ombe. Kuna kupanda mianzi na miti ya kiasili kando ya mto, na kuchimba vidimbwi vya kuvuna maji ya mvua. Mkulima hukubali kwa sababu udongo wake unabaki kwake na maziwa yanaongezeka. Hapo ndipo penye funzo kwa kila mwelimishaji: usimwombe mtu ahifadhi maji ya mwenzake kabla ya kumwonyesha faida iliyo katika shamba lake mwenyewe.

SOMO LISILOHITAJI MAABARA

Ikiwa wewe ni mwalimu, unaweza kuonyesha haya yote kwa chupa mbili za plastiki za lita mbili. Zilaze na uzikate upande wa juu. Jaza moja udongo mtupu, na nyingine udongo ulioota nyasi. Ziinamishe kidogo, weka kikombe chini ya mdomo wa kila chupa, kisha mwagia kila moja maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Maji yatakayotoka kwenye udongo mtupu yatakuwa kama uji, na ya kwenye nyasi yatakaribia kuwa maangavu. Mwanafunzi wa miaka tisa huelewa, na jioni atamwuliza babake kwa nini shamba la kando ya mto halina nyasi.

Zaidi ya hayo, wapeleke wanafunzi watembee kando ya kijito kilicho karibu na shule, pamoja na mtu mzima wa kutosha kuwaangalia, na bila kuyagusa maji. Wachore ramani: choo kiko wapi, gereji iko wapi, takataka hutupwa wapi, kisima kiko wapi. Kisha mwalike afisa wa afya na afisa wa kilimo waje waitazame ramani hiyo pamoja. Huo tayari ni mkutano wa waelimishaji, hata ukifanyika chini ya mti.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, ukinunua ploti au kukodi nyumba yenye kisima, pima umbali kati ya kisima na choo, chako na cha jirani. Usiwe chini ya mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Ikiwa ardhi ni ya mawe yenye nyufa, hata umbali huo huenda usitoshe.

Pili, peleka maji ya kisima yakapimwe katika maabara, viini na kemikali pia, hasa ikiwa kuna mtoto mchanga nyumbani.

Tatu, baada ya maji kupotea na kurudi, yaache ya kwanza yatoke uyatumie kufulia au kuosha choo. Ya kunywa yachemshe au uyatie klorini, kisha uyahifadhi katika chombo chenye mfuniko na bomba.

Nne, acha sehemu ya ua wako bila saruji. Panda nyasi au mboga, na uvune maji ya paa.

Tano, mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS mara moja na umpeleke kituo cha afya. Dalili kama macho kudidimia, kukosa mkojo au kulegea ni za dharura.

Sita, kaunti yako ikiitisha kikao cha umma kuhusu mipango ya ardhi, hudhuria na uulize swali moja tu: maji ya mvua ya mradi huu yataelekea wapi? Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakupa haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, nawe una haki ya kuuliza yatasafishwa vipi ikiwa tunaendelea kuyachafua yanakotoka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa maji yetu uko kwenye mteremko wa Kinangop, kwenye ukingo wa mto Mathare na kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba zetu. Gharama ya kuuziba leo ni mche wa nyasi na saa chache za mafunzo. Tukichelewa, tutailipa hospitalini.